Mama Yaani na Keki ya Shukrani

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kutueleza kampuni inamaanisha nini, Meneja wa Utamaduni na Mawasiliano ya Ndani wa kiwanda chetu cha mikate anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Cheo chake ni kirefu kiasi kwamba hakikuenea kwenye kibao cha mlangoni, fundi akalazimika kuliacha nje neno "Ndani". Sisi tunamwita Mama Yaani.

Aliingia kama sekretari, enzi hizo tukiwa na tanuri moja, na mwenye kiwanda, Mzee, akiukanda unga mwenyewe. Kila asubuhi Mzee alipanda juu ya kreti lililopinduliwa akatutangazia mambo. Alikuwa mtu mwema, ila maneno yake yalizunguka mno. Aliweza kuongea robo saa juu ya mapenzi ya maji na unga, watu wakabaki kuangaliana. Ndipo sekretari, kalamu sikioni, alipodakia: "Yaani kuna mtu anaacha hamira wazi." Mwenye kosa aliinama, wengine wakacheka, kazi ikaanza. Hayo ndiyo yalikuwa mawasiliano ya ndani, na hayakuhitaji meneja.

Kisha tukakua. Tulinunua eneo ng'ambo ya barabara, tukajenga jengo jipya lenye matanuri ya umeme, zamu zikawa tatu, watu wakaanza kuulizana vitambulisho getini. Mzee alipopumzika, mwanawe akashika ukurugenzi. Ni msomi na ana nia njema. Atanisamehe nikisema alitukuta na mazoea, akatupa Tunu. Zilikuwa tano, zikaandikwa ukutani kwa rangi ya bluu. "Uwazi" ulipata nafasi nzuri kuliko zote, kwenye kioo cha ofisi ya uongozi, kile kisichoonyesha ndani. Likaja sanduku la maoni, ambalo ufunguo wake bado unatafutwa. Kikaja kikundi cha simu cha wafanyakazi wote, ambamo uongozi pekee unaruhusiwa kuandika. Hata tuzo ya Mwajiri Bora tulipata, nayo imo kabatini na huonwa kwa miadi.

Mama Yaani alipandishwa cheo ili autunze utamaduni huu usipotee. Alipewa kiti cha kuzunguka na sharti moja: matangazo yasomwe kama yalivyoandikwa, bila nyongeza. Alilikubali. Tena, tuseme kweli, alilizoea. Baada ya miaka michache yeye mwenyewe aliandika kwamba mapumziko ya chai "yameboreshwa kuendana na kasi ya uzalishaji", nasi tukagundua chai imefutwa tulipokuta jiko limefungwa. Mtu aliyekuwa akiwafafanua wengine sasa alihitaji wa kumfafanua yeye. Tulimtania, akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa cha mtu anayebanwa na kiatu.

Halafu uongozi ukaamua kulifunga jengo la zamani. Msimamizi wa matanuri ya pale alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, mtu aliyeunguza nyusi mara nyingi hata tukasahau alivyokuwa nazo. Tangazo aliliandika Mama Yaani mwenyewe: kwamba wafanyakazi wa jengo la zamani "wanaingia awamu mpya, ambapo vipaji vyao vitapewa uhuru wa kutafuta upeo mpana zaidi". Likabandikwa Ijumaa asubuhi.

Waoka mikate wakalisoma, wakalirudia, wakakumbatiana. Walielewa kwamba wanahamishiwa jengo jipya, pengine na mshahara juu. Na kwa kuwa hawakosi tanuri, wakafanya wanachokijua. Kabla ya saa sita shemeji alivuka barabara na keki ya ghorofa mbili mikononi, wenzake nyuma wakipiga makofi, akaiweka mezani kwa Mama Yaani. Juu yake iliandikwa kwa sukari: Asante kwa Upeo Mpana.

"Shemeji, hii ni yenu wakubwa," alisema. "Tumeweka siagi ya kweli, siyo ile ya wateja."

Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta picha za jarida hili. Nilimwona Mama Yaani akiitazama ile keki, kisu mkononi, asijue aanzie wapi kuikata. Mwisho akakiweka kisu chini, akawaomba warudi kwao, akawafuata. Walipofika alivuta kreti akapanda.

"Ndugu zangu, yaani mnaachishwa kazi mwisho wa mwezi," alisema. "Na aliyeliandika lile tangazo ni mimi."

Hakuna aliyemtukana. Shemeji alivua aproni, akaikunja vizuri, akauliza tu: "Kwa hiyo jana ulikula kwangu ukijua?"

Alikuwa anajua.

Kwa kuwa walielewa mapema, walipata muda wa kukaa na uongozi. Karibu nusu yao walihamishiwa jengo jipya. Waliosalia walipewa haki zao wakaenda, shemeji akiwemo. Mama Yaani alipewa onyo kwa kosa la "kutoa ufafanuzi usioidhinishwa". Kuanzia hapo alifafanua kila tangazo, na uongozi, kwa sababu ambazo hazijatangazwa, haukumkataza tena. Lakini shemeji hakumsemesha. Miaka minne, kwenye kila shughuli ya familia, alisalimia wakubwa, akasalimia watoto, akamshika mpaka paka kichwa, akampita yeye. Iliniuma kumsikia Mama Yaani akinisimulia hayo, maana safari hiyo hakuwa akicheka.

Alipoulizwa anataka zawadi gani ya kuagwa, aliomba watu wa jengo la zamani waalikwe. Akajibiwa kwamba hafla ni ya "familia ya sasa ya kampuni". Kwa hiyo ratiba ni hii: hotuba, ngao na picha ya pamoja vitafanyika ukumbi wa jengo jipya, saa nane mchana. Mstaafu hatahudhuria. Saa hiyo hiyo atakuwa ng'ambo, jengo la zamani, ambalo siku hizi ni ghala la maboksi, pamoja na waliowahi kutoa jasho pale. Yeye mwenyewe alimfuata kila mmoja wao nyumbani kumwalika. Kwa shemeji alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kubisha. Shemeji amesema atakuja, mradi asisomewe kitu chochote.

Tunakushukuru, Mama Yaani, kwa kutuambia. Upate afya, usingizi wa asubuhi, na majirani wanaosema wanachokusudia. Wapenda hotuba wabaki ukumbini. Mimi nitavuka barabara.