Siku Tisa Alizochelewa Mama Wangari Ng'ang'a

Mama Wangari alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Karatina, mtoto wa tatu kwa kuzaliwa na, kwa ushahidi wa nduguze wote, wa kwanza kwa mdomo. Alisoma hadi darasa la nne. Hilo halikumzuia kusahihisha mahubiri mchungaji akiwa bado madhabahuni.

Mwaka wa 1974 aliolewa na marehemu Mzee Ephantus Ng'ang'a, wakahamia Turbo na kufungua duka la nafaka. Kwa miaka arobaini, mteja aliyeomba kupunguziwa bei alienda nyumbani na mahindi pamoja na mawaidha ya bure.

Yanayofuata aliagiza mwenyewe yasomwe leo, siku ya mazishi yake.

Tarehe 11 Agosti 2021, Kabura, mke wa mwanawe Muigai, alijifungua msichana, mimba ikiwa ya wiki ishirini na nane tu, kilo moja na kidogo. Mtoto aliwekwa nasari, wodi ya watoto njiti katika hospitali mjini Eldoret, ndani ya mashine ya joto. Kabura akalala hosteli ya akina mama, akiamka kila baada ya saa tatu kukamua maziwa. Muigai alishinda nje kwenye gari akijibu simu, "Tuko sawa," na mlango wa nasari haukaribii. Mama Wangari naye akapitisha amri: asipongeze mtu, asinunue nguo mtu, na mtoto asipewe jina mpaka atoke. Wote wakatii, nani angebisha?

Siku ya tisa sista Chepkoech, muuguzi wa nasari, akapiga simu. "Mama, huyu binti halali, hali, na maziwa yamekatika. Anadhani amewaaibisha. Kwani mliambiana nini huko nyumbani?"

"Hatukuambiana. Ni mimi niliwaambia."

Kesho yake asubuhi alitua hospitali na akina mama sita wa kanisa, sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, uji na vigelegele. Askari wa getini akashangaa. "Mama, hapa si harusi."

"Kijana, mtu akizaa hupongezwa. Tumechelewa siku tisa, usituongezee ya kumi."

Kabura alipowaona alilia. "Mnasherehekea nini, na hatujui kama ataishi?"

Ndipo Mama Wangari akasema alichokificha miaka arobaini na sita. Mwaka wa 1975 alijifungua msichana wa miezi saba. Aliishi siku mbili, akazikwa bila jina, na mama yake akaambiwa anyamaze.

"Nilidhani nakukinga, mama. Kumbe nakuziba mdomo vile mimi nilizibwa. Kama ataishi sijui. Lakini amezaliwa, na wewe ni mama yake. Mwite Wangari, jina langu. Hata akienda, aende akiwa mtu." Kisha akamgeukia Muigai. "Na wewe, hiyo gari haijazaa. Ingia ndani."

Muigai aliingia. Kabura alikula. Maziwa yalirudi polepole, siku ya kwanza kijiko kimoja tu. Mtoto alikaa nasari siku hamsini na tatu, na mara mbili aliacha kupumua mpaka akashtuliwa. Siku hizo Mama Wangari alikuwa kwenye benchi la nje, akiwagawia uji wazazi asiowajua.

Presha ilimsumbua tangu 2023. Aliaga dunia nyumbani Turbo tarehe 6 Februari 2025, mkono wake mikononi mwa Kabura.

Ameacha watoto watano na wajukuu kumi na mmoja, mdogo wao wote akiwa Wangari, miaka mitatu, yule anayewazuia wageni mlangoni mpaka wataje majina yao. Wamemtangulia mumewe na binti yake wa kwanza, ambaye mwaka jana alimpa jina yeye mwenyewe, na ambaye leo anaandikwa kwa mara ya kwanza katika orodha ya familia: Njoki Ng'ang'a, 1975.

Apumzike kwa amani, yeye na Njoki wakishamaliza kuongea.