Fundi Aliyepima Pua za Mbwa wa Diepsloot

Baada ya miaka kumi na tisa katika kliniki yetu ya wanyama, Mzee Ildephonse anastaafu tarehe 31 Mei 2019. Alikuja akiwa fundi cherehani kutoka Yeoville, mtaa wa Johannesburg, mzaliwa wa Bujumbura, akaomba kibarua cha kufua taulo. Anaondoka akiwa msaidizi mkuu wa chanjo, na mpaka leo hamruhusu mtu mwingine akunje taulo zake.

Udadisi ndio ugonjwa wake. Mwaka 2016 aliokota jarida kuukuu kwenye chumba cha kusubiria, akasoma kwamba enzi za Malkia Victoria serikali ya Uingereza iliamuru mbwa wafungwe midomo barabarani ili kukomesha kichaa cha mbwa. Polisi waliwakamata wasiofungwa, na matajiri wakanung'unika kwamba mbwa wao wanadhalilishwa. Wiki nzima Mzee alituuliza: je, wale mbwa walikunywaje maji?

Mwezi uliofuata, mbwa mmoja wa hapa Diepsloot, kitongoji chetu, akafa kwa kichaa. Majirani walikutana mbele ya spaza, duka dogo la mtaani, wakaamua kuwaua mbwa wote ifikapo Jumapili. Tulipopita na chanjo, watu waliwaficha mbwa wao wakidhani sindano zetu ni za kuwamaliza. Nakiri leo: hata mimi, mpokezi wa kliniki, nilimficha Bobi wangu chini ya kitanda kwa kuogopa marungu.

Mzee akawasihi majirani: wakiona kila mbwa amefungwa mdomo na amechanjwa, wawaache. Wakakubali shingo upande. Akashona vifunga mdomo arobaini kwa jinzi za mitumba, akifuata picha ya jarida. Havikumwenea mbwa hata mmoja! Mbwa wa pichani alikuwa na pua bapa, wa kwetu wana pua ndefu. Fundi mzima alisahau kumpima mteja. Tulicheka, ingawa siku zilikuwa zinayoyoma.

Basi akatoka na tepe yake ya kupimia, nyumba kwa nyumba. Ajabu ni kwamba waliokimbia sindano waliifungulia tepe mlango. "Eish, Baba, pima na wangu," mama mmoja alimwita kutoka uani, "ila umshonee cha kupendeza." Mzee alipokuwa akipima, alieleza chanjo kwa upole, na muuguzi wetu Bijou akachanja. Kila kifunga mdomo alichoshona upya alikiachia nafasi ya ulimi, mbwa anywe maji. Nami nikamtoa Bobi.

Jumapili mbwa walipita barabarani na jinzi midomoni, na hakuna aliyeinua rungu.

Asante, Mzee wetu. Tepe yako ipo kwenye droo ya mapokezi, na alama ya kalamu kwenye sentimita kumi na moja haijafutika. Ni pua ya Bobi. Upumzike nyumbani kwa raha na afya, lakini usiisahau njia: Jumatatu Bobi atakusubiri kwenye geti la kliniki kama kawaida yake, na mimi sijui nitamwambia nini.