Debe Moja kwa Watoto Wote

Ndugu zangu, nawasalimu. Miaka yote nimekaa benchi la nyuma humu kanisani kimya. Leo nasema.

Mnajua shule niliishia darasa la nne. Redio nilijifunza kwa kuzifungua, na kompyuta vivyo hivyo, kwa kitabu na ubishi. Sikufundishwa na mtu, na nilijivunia hilo kupita kiasi.

Wakimbizi walipojaa wilayani kwetu, ofisi ya misaada iliniomba niandike ukurasa wa kompyuta wa watoto waliopotezana na wazazi. Ukibonyeza jina la mtoto, unaonyeshwa kambi aliko. Nikaandika. Nikajaribu jina la mwisho kwenye orodha, likajibu sawa. Nikajipongeza.

Akaja mama mmoja mkimbizi, kibarua kwenye migomba yangu hapa Kanoni. Nikambonyezea jina la bintiye: kambi ya mbali. Akatembea siku mbili kwenda, mbili kurudi, miguu imevimba.

"Mzee, hayupo. Na mwenzangu naye umemtuma kule kule."

"Umeuliza vibaya. Mashine haisemi uongo, nimeiandika mwenyewe. Rudi."

Ndugu zangu, nawaambia, alirudi.

Ulikuwa msimu wa kahawa. Debe letu la kupimia ni moja, linazunguka nyumba kwa nyumba. Lilipofika kwangu nikalibeba moja kwa moja, nianze kutia kahawa yangu. Mke wangu akapaza sauti:

"Weye baba, humo mna kahawa ya jirani! Mwaga kwanza, au umeanza wizi uzeeni?"

Nikalitua chini, nikaelewa. Kwenye kompyuta nilikuwa nimeweka debe moja, mahali pamoja tu pa kutunzia jina la kambi, kwa watoto wote. Ilijaza kambi ya wa kwanza, ikamwaga, ikajaza ya wa pili, hadi mwisho. Ubonyeze jina lolote, ilichungulia debe lile lile, na humo ilibaki kambi ya mtoto wa mwisho.

Nikafunua orodha ya karatasi niliyopewa na ofisi. Binti yuko kambi ya karibu, mwendo wa asubuhi moja.

Mama alipofika kutoka safari ya pili, nikampakia baiskelini. Tukaenda hadi kambi ile ya karibu. Kule tukaonyeshwa kaburi la siku tatu. Mwanamke aliyekuwa akimtunza binti akatoa kigauni. "Alikuwa anakuulizia," alisema.

Kesho yake sikuondoka kitandani. Aliyekuja kuniinua ni mama yule yule.

"Mzee, wenzangu bado wanatembea. Amka."

Nikaandika upya, kila mtoto na debe lake. Safari hii yeye alisoma majina kwenye karatasi, mimi nikabonyeza, tukalinganisha yote. Alipofika kwenye jina la bintiye akalisoma na lile, akaendelea. Wapo waliowapata watoto wao, na wengine mmeketi nao hapa.

Namshukuru mke wangu kwa ukali wake. Yule mama sina shukrani ya kumtosha. Nanyi nawaachia hili: usijaribu jina moja ukasema kazi imekwisha. Na mtu aliyetoka kutembea akikuambia hayupo, msadiki.

Kila Jumapili pale mlangoni mama yule ananiambia, "Shikamoo, mzee." Naitikia marahaba. Ndugu zangu, shikamoo ile ni nzito kuibeba.