Taasisi Isiyoonekana Mahakamani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Kiongozi Mkuu wa Taasisi. Viongozi mlioketi jukwaani. Ndugu waumini: tunawasalimu kwa heshima zote.

KARIBU
Karibu utufungulie ukumbi huu mpya. Ofisi yako ilituagiza tuandike risala fupi, ya shukrani, isiyogusa kesi. Fupi tumeweza.

HISTORIA
Kwaya ya watoto ilianza na kinanda kibovu na majoho yaliyoshonwa na mwenzetu, fundi cherehani tunayemwita Mama Uzi. Siku moja alikuwa akimpima binti yake joho jipya. Mtoto akalivua, akajikunyata chini ya meza ya kukatia nguo, akakataa kutoka. Mama Uzi akaacha kazi, akaingia naye huko chini. Ndiko alikoambiwa alichofanyiwa mwanawe na mlezi wa kwaya katika chumba cha kuwekea vyombo vya muziki.

Alikwenda ofisini kwenu. Akapewa kiti, soda na sala.

"Mama, funika kombe," katibu alimsihi. "Tukiyaanika haya, nani atabaki na imani?"

"Yule binti yangu," Mama Uzi akamjibu. "Akiona yameanikwa, huenda akaamini tena."

MAFANIKIO
Tunaipongeza ofisi kwa wepesi wake. Wiki haikuisha, mlezi alishaagwa kwa keki na kuhamishiwa kwaya nyingine, yenye watoto wengi zaidi. Mama Uzi hakwenda kwenye keki, alikwenda polisi. Leo mlezi yuko gerezani, uhamisho pekee ambao hamkuusaini nyinyi.

CHANGAMOTO
Kisha ikabainika kwamba mlikuwa mmeonywa juu ya mtu huyo hata kabla hajaletwa kwetu. Mama Uzi akaishtaki Taasisi yenyewe. Wakili wenu, msomi kwelikweli, akasimama na kueleza kuwa Taasisi haishtakiki, kwa sababu kisheria haipo: ni ushirika wa kiroho tu. Tulitazamana. Taasisi hiyohiyo ina hati ya kiwanja hiki, ina mabasi, ina muhuri. Kupangisha nyumba inaweza, na kumtoa mpangaji na godoro lake inaweza. Ikiitwa kujibu, inageuka roho.

Jaji alipompa nafasi, Mama Uzi aliuliza, "Mheshimiwa, aliyemkabidhi yule bwana ufunguo wa chumba kile alikuwa roho gani?"

Pingamizi la wakili likatupwa. Nanyi mkampokonya Mama Uzi kazi ya majoho. Hajalalamika. Anasema alishachoka kushona vya kufunikia.

MAOMBI
Kwanza, tunaomba uunge mkono sheria itakayomtia hatiani kiongozi yeyote wa dini ajuaye mtoto ameumizwa, akanyamaza. Mkisema mtaombea jambo hili, tutashukuru. Lakini mkishaomba, mpige simu polisi.

Pili, tunaomba uje mwenyewe. Kesi inasikilizwa Jumatatu, mahakama iko nyuma ya soko, maegesho yapo. Mama Uzi atakuwepo. Binti yake ameomba akae benchi la mbele. Anataka amwone mtu atakayesimama karani akiita jina la Taasisi.

Mgeni rasmi, Mungu akujalie afya na umri mrefu, hukumu ikukute hai. Amina.

Ni sisi,
Wazazi wa Watoto wa Kwaya