Mnara wa Murera na Fundi Aliyesemwa Amefukiwa

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Bwana Ajit na jamaa yote ya marehemu Gurmit, wazee wenzangu wa Thika, ndugu wageni waalikwa mliotoka Ruiru, Juja na kwingineko, nanyi vijana wa Kahawa Sukari mliotengeneza filamu tutakayoitazama sasa hivi, hamjambo nyote.

Naitwa Mwangangi Musembi, fundi wa mawe. Wengi wenu mmekua mkiambiwa kwamba nimefukiwa ndani ya nguzo ya mnara wa Murera, ati mwenye mjengo alinitoa kafara ili usianguke. Leo mnaniona nimesimama, na ukiacha nyonga hii, sina neno.

Nani kati yenu anaikumbuka Thika ya mwaka wa themanini na sita? King'ora cha kiwanda kilituamsha, upepo ukatuletea harufu ya mananasi, na Jumamosi tulijaa katika ukumbi huu huu kutazama sinema za Kihindi ambazo hatukuelewa hata neno, na bado tulilia.

Gurmit alikuwa amerudi kutoka masomoni, msanifu majengo kijana, na alikuwa amechora mji mzima wa wafanyakazi wa viwanda, ujengwe pale Murera: nyumba za mviringo zimezunguka ua mmoja, hakuna ukuta wala geti, katikati mnara wa maji wenye maktaba chini yake, na kila dirisha linatazama mlima wa Kilimambogo.

"Musembi," aliniambia, "hapa mwenye kiwanda na mfagiaji watateka maji kwenye bomba moja."

"Na mwenye kiwanda atakubali?"

Akacheka. "Tujenge kwanza. Tutamwuliza baadaye."

Tuliufikisha mnara orofa ya tatu. Siku moja jukwaa la mbao likavunjika, nami nikaanguka. Gurmit mwenyewe alinibeba hadi kwenye pikapu, akaendesha hadi hospitalini kwa mkono mmoja, ule mwingine umenishika nisilale. Nililazwa miezi minne. Wakati huo wenzake waliokuwa wakitoa fedha walijitoa, kazi ikasimama, na ndugu zangu wakanichukua kwetu Yatta bila kumuaga mtu. Ndipo uvumi ulipozaliwa. Fundi haonekani, mnara umesimama. Basi yumo ndani.

Ndugu zangu, uvumi huo ulinifikia mapema. Mke wangu Ngina aliniambia, "Nenda Thika ukajionyeshe." Nilikataa. Moyoni nilisema Gurmit ana ramani nyingine za kuchora, na mimi mguu mwingine nitautoa wapi?

Kisha akaja mwenyewe, amechoka, vumbi hadi kwenye kilemba. Akasema, "Rafiki, njoo tutembee mjini siku moja tu, watu wakuone. Mke wangu hasalimiwi tena sokoni."

Nilimjibu, "Nyonga yangu haitembei kwa ajili yako."

Alimaliza chai yake, akamshukuru Ngina, akaenda. Mwaka uliofuata alihamia Kisumu na jamaa yake, na huko ndiko alikofia. Je, ningepungukiwa na nini kama ningeshika mkongojo nikapanda gari naye? Nimejiuliza swali hilo miaka mingi, na jibu halijawahi kubadilika.

Mwaka jana msichana aliyeandika filamu hii, Dianah Mumo, alibisha kwangu Yatta. Akasema, "Habari ya mchana, mzee. Nimekuja kuomba ruhusa kwa jamaa ya marehemu Musembi."

Nikamwambia, "Marehemu ndiye huyu. Vuta kiti."

Akafunga daftari. "Basi sina hadithi tena."

"Unayo," nikasema, "ila imekuwa ndefu."

Dianah ndiye aliyemtafuta Ajit, mtoto wa Gurmit, akamleta nyumbani kwangu. Nilimweleza yote, hata lile jibu nililompa baba yake. Alikunjua ramani ya zamani ya baba yake mezani, akaweka kidole kwenye nyumba ya kwanza, ile iliyo karibu na mnara. Nyumba zote zina nambari. Ile ina jina, limeandikwa kwa penseli: Musembi.

"Baba hakulifuta," akasema.

Katika filamu hii vijana wamemmalizia Gurmit mji wake kwa kompyuta, na mimi niliyeweka mawe yake ya kwanza nilipouona nililazimika kutoka nje kidogo. Ule uzushi wa nguzo umo pia, maana ndio uliofanya mnara ukumbukwe. Lakini mtakapoutazama, mjue kulikuwa na mtu mmoja aliyeweza kuukata kwa kutembea tu, naye hakutembea.

Ajit, mwanangu, nyumbani kwangu ulinisamehe tukiwa watatu tu, mimi, wewe na Dianah. Leo nakuomba msamaha tena hapa, kwa sababu baba yako alichafuliwa mbele ya watu. Hakuua mtu. Alinibeba.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Sasa taa zizimwe, tuuone mji.