Mifereji Miwili, Tangi Moja

Kijiwe chetu kiko kando ya barabara kuu hapa Msambweni, kwenye benchi la Swabir muuza kahawa. Jumamosi ile asubuhi Luqman, dereva wa lori la mchanga, alikuja akaketi na kushika tama. Binti yake Subira, wa Gredi ya Nane, alikuwa amelia kwa ajili ya hesabu moja, na sasa anasema shule harudi tena.

– Hesabu gani hiyo ya kumliza mtoto? akauliza Kombe, fundi wa mifereji, tunayemwita Bomba.

– Mfereji mmoja hujaza tangi kwa saa tatu, Luqman akasema. Wa pili hulijaza kwa saa sita. Ukifungua yote pamoja, litajaa kwa saa ngapi?

– Tisa! akadakia Chande, ambaye jina lake la kijiweni ni Haraka.

– Chande, bwana! akasema Bomba. Miwili ichelewe kuliko mmoja?

– Basi nne na nusu. Katikati hapo.

– Huo wa kwanza peke yake wamaliza kwa tatu. Wa pili umekuja kusaidia au kuzuia?

– Huku kwetu, ndugu yangu, Chande akajibu, litajaa siku maji yakija.

Tukacheka. Luqman hakucheka.

Bomba akachovya kidole kwenye kahawa, akachora tangi juu ya benchi, akaligawa mafungu sita sawasawa.

– Tazameni. Kwa saa moja, mfereji wa kwanza hujaza mafungu mawili. Wa pili, fungu moja. Jumla matatu, nusu ya tangi. Saa ya pili, nusu iliyobaki. Saa mbili, basi.

– Hilo jibu nililipata kwenye simu jana, Luqman akasema. Nikampa. Akaniuliza, "Baba, mbili imetoka wapi?" Nikamfokea, nikamwambia aandike tu.

– Makosa ni ya mtaala huu mpya, akasema Chande.

– Ni ya simu, akasema Swabir.

– Ni ya watunga mitihani! Hao hawajateka maji maishani mwao!

Kando yetu alikuwa ameketi mgeni, Samuel, mtu wa Kikoneni, akingoja saa ya kumtazama mkewe hospitalini. Akaweka kikombe chini.

– Samahanini, wazee. Mtoto mwenyewe alisema amekwama wapi?

Sote tukamtazama Luqman.

– Sikumuuliza, akasema.

Akainuka, kahawa akaiacha. Nyumba yake iko ng'ambo ya barabara, na Subira alikuwa kizingitini akichambua mchicha. Bomba alitaka kumfuata akamweleze mafungu yake, nikamshika mkono.

Tulimwona Luqman akichuchumaa mbele ya mwanawe. Alisema neno, akangoja. Msichana aliweka mchicha wake chini. Kisha akaanza kuongea, mikono ikipanda na kushuka, na baba yake anamsikiliza.