Zamu ya Kulinda Nyumba

Sogeeni karibu, wanangu, wote watatu, na wewe mwanangu fundi wa kuchomelea acha kusimama mlangoni kama mgeni, keti hapa miguuni pangu, maana sauti yangu haifiki mbali tena na sina pumzi ya kurudia maneno. Dirisha liacheni wazi. Moshi wa kiwanda cha betri utaingia, uingie tu, tumeshazoeana.

Nyumba hii baba yenu aliijenga chumba kimoja kimoja, akafa hiki hakijapigwa plasta. Halafu watu wa baraza la mji wakaja na rangi nyekundu, wakapaka alama ukutani, wakasema mtaa mzima unavunjwa kupisha barabara. Sisi tukajua jambo moja tu, kwamba tingatinga haligusi nyumba yenye mtu ndani. Fundi viatu alikwenda harusini na mkewe, akarudi na suti yake akakuta kitanda kiko juani na ukuta uko chini. Tangu hapo kila nyumba ikawa na zamu ya kulinda, na ya hapa nikaishika mimi, kwa kuwa nyinyi mlikuwa shule na cherehani yangu ilikuwa hapo sebuleni.

Watu wanadhani kulinda ni kukaa. Ni kushona huku sikio liko barabarani, gari likinguruma unaacha mguu wa cherehani hewani, unashika mlango, kumbe ni lori la kiwanda. Nililala na nguo za kutokea miaka nenda miaka rudi, chakula hakishuki, roho iko juu juu. Siku moja najipima blauzi ya mteja mwenye mwili kama wangu, nikagusa kitu kigumu upande wa kushoto, kama kifungo kilichoshonewa kwa ndani. Hakikuuma. Nikasema nitakwenda hospitali mambo yakitulia.

Jirani yetu wa ukuta mmoja, muuza mkaa, alikuwa nacho pia. Tulionyeshana nyuma ya pazia la kupimia nguo, akasema, "Mwenzangu, tumevishwa nishani," tukacheka mpaka machozi. Tukapanga twende hospitali, leo wewe, kesho mimi, mmoja alinde nyumba zote mbili. Kila tukipanga, mngurumo unasikika, hatoki mtu. Alitangulia yeye, na nyumba yake waliivunja tukiwa makaburini.

Mwishowe mliponipeleka hospitali, yule daktari binti hakuniharakisha. Aliniuliza nakaa wapi, nalalaje, nani ananisaidia. Nikamuuliza, ni moshi huu, au ni mawazo? Akasema, "Mama, sitakudanganya, sijui. Saratani ya titi ina mengi, hata wa mitaa yenye bustani wanaipata. Lakini wao huja ikiwa kama punje. Wa kwenu mnaletwa imeshapasua ngozi." Nililia palepale, wala si kwa kuogopa kufa. Basi la hospitali linapita mbele ya mlango huu kila siku, nami nililitazama dirishani nikishona.

Sikilizeni sasa. Cherehani ni ya kitinda mimba, na vitambaa vya wateja virudi kwa wenyewe hata vile vilivyokatwa. Baba yenu mdogo alipokubali kuhama nilimwita mwoga mbele za watu. Simwombi radhi, nimechoka, lakini aje anizike, na mizigo yenu mpeleke kwake, ana nafasi.

Na wewe, binti yangu mkubwa, niangalie. Tangu nilale hapa zamu yangu umeishika wewe. Jana uliponigeuza nilikuona unajipapasa chini ya kwapa, ukashusha mkono upesi. Usinitikisie kichwa. Nimepima vifua vya wanawake maisha yangu yote. Haya, umesema hakiumi. Hata changu hakikuuma, mama yangu. Utasema kaka yako akulindie nawe uende, wiki ijayo, mambo yakitulia. Maneno hayo nayajua, ni yangu. Nyumba ikisimama, zamu ipo.

Basi siku ya kunizika tokeni nyote. Asibaki mtu ndani. Chukueni cherehani na picha ya baba yenu, mlango uacheni wazi. Watakuja, siku za msiba wanazijua. Waacheni wavunje. Mkisikia mngurumo mkiwa kaburini, asigeuke mtu, na wewe fundi usinifanyie ushujaa. Ukitoka hapo mshike dada yako mkono, asipitie huku, nendeni hospitali moja kwa moja na nguo zenu za msiba, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe. Mimi sina matumaini, sitawadanganya. Labda naye kachelewa. Lakini aende.

Nipeni maji. Basi, yanatosha.

Mungu awape usingizi, wanangu. Siwaombei mali. Awape kulala mmevua nguo za kutokea, gari lipite msilisikie. Awape... ngoja nivute pumzi. Awape majirani wasiozikana kwa zamu.

Hilo ni lori. Linapunguza mwendo, eh? Msiinuke. Kaeni. Nimesema kaeni... Binti yangu mkubwa yuko wapi? Nishike mkono. Sikuoni, mama. Toka hapo mlangoni.